Kiongozi wa Timu Naye Huchoka

Msikilizaji wetu wa Kabezi, unakumbuka mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipopanda na kufukuza watu majumbani kule Rumonge? Waliohama walipewa pole. Kiongozi wa wanaojitolea, nani alimuuliza habari zake?

Ukimwona halali, anafoka kwa jambo dogo, anahesabu mahema yale yale mara tatu, usimwambie “jikaze”. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011, wa kuwasaidia waliopatwa na maafa, unamfaa yeye pia: angalia, sikiliza, unganisha. Mwite pembeni, mbali na timu. Muulize, kisha nyamaza. Hapo ndipo wengi tunashindwa! Mpunguzie kazi: msaidizi ashike simu usiku, yeye alale. Asipopata nafuu, msindikize kituo cha afya. Usimtume peke yake.