Shauri la Moyo na Shauri la Daftari

Wako watu wengi wanaodhani kwamba chama cha kusaidiana hujengwa kwa moyo mwema tu. Watu ishirini wanaopendana wakikutana chini ya mti au katika chumba cha mmoja wao, husema kwamba chama kimekwisha kuwa chama. Lakini baada ya miezi sita mara nyingi chama hicho huwa kimekufa, na wale wale waliopendana hawaamkiani tena njiani. Sababu yake ni nini? Katika makala haya twapenda kulitazama jambo hilo kwa mfano wa Shauri Moyo, mtaa mmoja wa mashariki ya Nairobi, kwa kuwa jina lake lenyewe lataja moyo, na kwa kuwa wakazi wa upande ule wa mji wamejifunza kwa muda mrefu kazi ya kukutana, kuchanga na kutumikiana.

MTAA NA WATU WAKE

Mtaa wa Shauri Moyo ulijengwa na baraza la mji mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati kijiji cha zamani cha Pangani kilipokuwa kikibomolewa na watu wake kutakiwa wahame. Jirani zake ni Pumwani, Gikomba, Kamukunji na Kaloleni, na Barabara ya Jogoo, iliyoitwa zamani Doonholm Road, hupita karibu. Nyumba za kwanza zilikuwa za vyumba vidogo, na bomba na vyoo vilitumiwa na watu wengi pamoja.

Msomaji aliye shambani na afikiri maisha ya mtu aliyekuja kukaa humo. Nyumbani alikuwa na baba, mama, wajomba na ukoo mzima. Akiugua, watu walikuja bila kuitwa. Nyumba yake ikiungua, majirani walimkatia miti na nyasi. Mjini hakuwa na hata mmoja wa hao. Jirani wa mkono wa kulia alisema lugha nyingine, na wa mkono wa kushoto alifanya kazi usiku na kulala mchana. Akifa, nani ataupeleka mwili wake Nyanza, safari ya zaidi ya kilomita 300? Mshahara wa mwezi mmoja haukutosha kamwe kulipa gari.

Ndipo watu walipoanza kuunda vyama. Vingine vilikuwa vya watu waliotoka mahali pamoja, navyo vilikutana siku ya Jumapili kuchanga fedha za mazishi na karo za watoto. Chama cha Luo Union kiliendelea hata kikajenga ukumbi mkubwa mjini Kisumu, uitwao Ofafa Memorial Hall, kwa kumkumbuka Bwana Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka 1953. Mtaa wa Ofafa mjini Nairobi nao wachukua jina lake. Vyama vingine havikuuliza mtu ametoka wapi, bali viliuliza anakaa wapi na aweza kufanya nini.

MIKUTANO ILIPOKUWA SHIDA

Kukutana hakukuwa jambo rahisi siku zote. Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, vyama vingi vilitazamwa kwa shaka, na watu waliokusanyika bila ruhusa waliweza kukamatwa. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliizunguka mitaa ya Waafrika katika msako ulioitwa Operation Anvil, na watu zaidi ya elfu ishirini wakapelekwa vizuizini. Katika siku kama zile chama cha ujirani kiliweza kupoteza mwenyekiti, katibu na mweka hazina kwa siku moja.

Hata hivyo haja ya kusaidiana haikufa. Kumbi za Pumwani na Kaloleni ziliendelea kuwa mahali pa watu kukutania. Huko nje ya mji, vikundi vya Maendeleo ya Wanawake vilivyoanza mwaka 1952 vilienea. Mwanzoni viliongozwa na mabibi wa Kizungu, lakini mwaka 1958 Bibi Phoebe Asiyo alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kukiongoza chama hicho. Na katika Shauri Moyo kwenyewe kituo cha YMCA kilikuja kuwa mahali pa vijana kulala, kujifunza na kucheza. Chama hicho cha YMCA kilianzishwa London mwaka 1844 na Bwana George Williams, aliyekuwa karani wa duka la nguo. Nako London vijana waliotoka mashamba walikuwa wakikaa vyumba vya kubanana, wasijue la kufanya kazi ikiisha. Basi shida ya mgeni mjini si ya Nairobi peke yake.

SIKU ISIYOBADILIKA

Ziko klabu nyingine duniani zilizofanya utumishi kuwa kazi yake kubwa. Rotary ilianzishwa Chicago, Marekani, tarehe 23 Februari 1905 na wakili mmoja, Bwana Paul Harris, pamoja na rafiki zake watatu. Ilipata jina hilo kwa sababu wanachama walikutana kwa zamu, leo katika ofisi ya huyu, juma lijalo katika ofisi ya yule. Klabu ya Rotary ya Nairobi iliundwa mwaka 1930. Wakati huo ilikuwa klabu ya wafanya biashara na wakuu wa kazi, na mkazi wa Shauri Moyo hakuwa na kiti humo. Mwaka 1946 Bwana Tom Askwith, ofisa wa mambo ya Waafrika mjini, pamoja na wenziwe, waliunda United Kenya Club ili watu wa rangi zote wapate kukaa meza moja, kula na kusikiliza mazungumzo. Jambo hilo lilikuwa geni sana katika Nairobi ya siku zile.

Tukiziangalia klabu hizo twaona jambo moja lililozidumisha. Si utajiri, kwa maana vyama vingi vya matajiri vimekufa. Ni siku ya mkutano isiyobadilika. Mwanachama wa Rotary hakuhitaji kuuliza mkutano ni lini. Alijua siku na alijua saa, na aliyekosa mara nyingi bila sababu alihesabiwa kuwa amejiondoa mwenyewe. Kwa desturi hiyo ya kukutana, klabu hizo ziliweza kufanya kazi ya miaka mingi. Mwaka 1985 Rotary ilianza mpango wa kuupiga vita ugonjwa wa kupooza kwa watoto duniani kote, na tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa haina tena virusi vya asili vya ugonjwa huo. Hiyo ni miaka 35. Kazi ya miaka 35 haifanywi kwa hamasa ya siku moja.

MFANO WA VIJANA WA EASTLANDS

Mtu aweza kusema kwamba hizo ni klabu za wenye nafasi. Basi na tutazame mfano wa maskini. Mwaka 1987, katika mtaa wa Mathare, usio mbali na Shauri Moyo, Bwana Bob Munro kutoka Kanada pamoja na vijana wa mahali pale walianzisha Mathare Youth Sports Association, ijulikanayo kama MYSA. Watoto walitaka mpira. Mitaa yao ilijaa takataka, na mifereji ilikuwa imeziba. Kanuni ikawekwa kwamba timu ipate pointi si kwa kushinda mechi tu, bali na kwa kwenda kusafisha mtaa kwa zamu. Timu iliyocheza vizuri lakini ikakataa kushika koleo na toroli ilijikuta chini katika orodha.

Tafadhali msomaji, liangalie jambo hilo kwa makini. Watoto wale hawakuhubiriwa tu kwamba usafi ni jambo jema. Usafi uliandikwa daftarini, ukahesabiwa, ukasomwa mbele ya wote. Kazi hiyo ilitambuliwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka 1992. Kutoka kwa vijana hao iliundwa timu ya Mathare United mwaka 1994, na mwaka 2008 timu hiyo ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya.

MKUTANO MZURI UNAVYOENDESHWA

Sasa tuseme jinsi mkutano wa chama cha mtaani unavyopaswa kuendeshwa, maana wasomaji wetu walio makarani wamezoea kazi ya kuandika, nao wakulima wanazo hekima za baraza.

Kwanza, mkutano uanze saa iliyotajwa. Ikiwa ni saa nane za mchana, mwenyekiti afungue saa nane, hata kama waliofika ni wachache. Akiwangoja wachelewaji anawaadhibu waliofika mapema, na juma lijalo wote watachelewa. Pili, majina ya waliofika yaandikwe, na ya waliotoa udhuru vile vile. Tatu, katibu asome kumbukumbu za mkutano uliopita, na wanachama wazithibitishe au wazisahihishe kabla ya kuendelea. Nne, mweka hazina asome fedha zilizoingia, zilizotoka na zilizobaki, kwa sauti ya kusikika na mtu aliye mlangoni. Tano, waliotumwa kazi waeleze waliyoyafanya: nani alikwenda kumtazama mgonjwa, nani alipeleka karo ya mtoto, nani aliongoza kazi ya kusafisha mfereji. Ndipo yaje mambo mapya, na mwisho mengineyo. Mkutano wa namna hiyo hauhitaji kupita saa moja na nusu.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tufanye hesabu ndogo. Chama kikiwa na watu 30, na kila mmoja akatoa shilingi 100 kwa juma, kwa mwaka wa majuma 52 kitakusanya shilingi 156,000. Ikiwa watano kati yao hukosa kutoa kila baada ya juma moja, chama kitapungukiwa na shilingi 13,000. Fedha hizo si nyingi kwa chama chenye daftari, kwa kuwa zajulikana ziko kwa nani. Lakini pasipo daftari watu hawataona upungufu wa watano wavivu. Watasema mweka hazina amekula. Hivyo mtu mwaminifu hupoteza jina lake katika mtaa, na jina likipotea halinunuliki. Daftari basi si la kumshika mwizi tu. Kazi yake kubwa ni kumlinda mtu mwaminifu.

Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 wengi huchanga kwa simu, na jambo hilo ni jema kwa kuwa fedha hazibebwi tena mfukoni usiku. Lakini yafaa kukumbuka kwamba simu huandika kiasi na saa. Haiandiki sababu wala shauri lililokatwa. Tena, fedha za watu wote zikikaa katika simu ya mtu mmoja, akifa au akigombana na wenzake, zitatolewa na nani? Heri ziwekwe katika akaunti ya chama, na zisitolewe ila kwa saini za watu watatu.

Hata serikali yataka mambo hayo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 ya kusajili vikundi vya jamii yataka kikundi kiwe na watu wasiopungua kumi, kiwe na katiba yake, na viongozi wawe wamechaguliwa na wanachama. Kikundi kilichosajiliwa chaweza kufungua akaunti ya benki na kusema na ofisi yo yote kwa jina lake.

SIKU YA SHIDA

Mnamo Aprili na Mei 2024 mvua kubwa ilileta mafuriko Nairobi, na watu wengi waliokaa kando ya mito walipoteza nyumba, na wengine maisha. Baadaye waliokaa karibu na kingo za mito waliamriwa kuhama. Huko Gikomba, jirani ya Shauri Moyo, moto wa tarehe 28 Juni 2018 uliua watu 15. Katika siku kama hizo hapana nafasi ya kuanza kuunda chama. Chama chenye orodha hujua upesi nani hajaonekana. Chama chenye akiba hununua blanketi jioni ile ile. Chama chenye siku ya mkutano hujua watu wake watakutana wapi, hata kama nyumba zao hazipo tena.

Watu wa Pangani walibomolewa nyumba zao, wakaanza maisha upya mahali pengine. Leo pia mitaa ya zamani ya Nairobi yazungumzwa kuwa itajengwa upya, na majirani wa miaka mingi waweza kutawanyika. Ukuta ukibomolewa haurudi. Lakini watu wenye desturi ya kukutana, hata wakihamia pande nne za mji, waweza kuendelea kuhudhuria mkutano mmoja.

Kwa hiyo twawashauri wasomaji wetu, wa mjini na wa mashambani, wasingoje tajiri wala mfadhili. Watu kumi wachague siku, wachague saa, wanunue daftari moja, na wamchague mtu mwenye mwandiko wa kusomeka. Moyo ndio unaomleta mtu katika mkutano wa kwanza. Mkutano wa hamsini huletwa na daftari.