Mzigo wa Mwenzio Si Kanda la Usufi

WAHENGA walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walinena kwa kejeli, wakimkusudia mtu anayetazama gunia lililo kichwani mwa mwingine akaliona jepesi kwa sababu shingo inayoumia si yake. Methali hiyo hutujia kila mwaka katika majira ambayo ofisi zetu, mashirika yetu na viwanda vyetu huandika malengo ya kazi. Malengo hayo huandikwa vizuri; huwa na tarakimu, tarehe na sahihi. Lakini ni mara ngapi yule atakayeubeba mzigo huulizwa, kabla haujafungwa, kama kamba zinashika na kama njia anaijua?

Tunaandika kutoka Cheyo, katika mji wa Tabora. Msomaji wa Unguja na Pemba ana haki ya kuuliza mambo ya Tabora yanamhusu nini. Tunamjibu kwamba katika karne ya 19 mji huu na visiwa vile viliunganishwa kwa mabega ya watu. Frasila iliyopimia karafuu Unguja ndiyo hiyo hiyo iliyopimia pembe za ndovu hapa Unyanyembe. Na kwa kuwa nchi yetu inayo mifano yake yenyewe ya jinsi malengo yanavyofikiwa na jinsi yanavyoanguka, hatuoni sababu ya kuiazima kwa watu wa mbali.

SHERIA ZA NJIANI

Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, mbali na mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 800. Msafara uliokwenda vizuri ulichukua miezi kama mitatu. Burton na Speke walitumia siku 134 mwaka 1857.

Safari ya namna hiyo haikuendeshwa kwa kelele. Uzito ulipimwa mbele ya mbebaji, na mbebaji alibisha alipoona amezidishiwa. Ujira ulipatanwa kabla ya kuondoka. Njia iligawanywa kwa vituo, na kila asubuhi mtu alijua jioni atalala wapi na kama pana maji. Mbele alitangulia kirangozi, mtu aliyeijua njia na aliyekubaliwa na wapagazi wenyewe, naye pia alibeba mzigo. Posho ilipochelewa, mizigo iliwekwa chini. Ilipokatwa kabisa, watu walitoroka usiku, na tajiri aliamka akiwa na marobota yasiyo na vichwa vya kuyabeba.

Hatusemi haya kwa kuipamba njia hiyo. Ilipitisha watumwa pia, waliofungwa shingo kwa shingo, na wengi walikufa porini bila kaburi. Tunachosema ni kwamba pale palipokuwa na kazi ya hiari na ya ujira, wazee wetu waliziweka sheria za kazi kabla ya sisi kujua kuziandika katika fomu.

KARANGA ZA URAMBO

Kiasi cha kilomita 90 magharibi ya Tabora ipo Urambo, yaliyokuwa makao ya Mtemi Mirambo. Hapo pana fundisho la namna nyingine.

Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, iliyopungukiwa mno na mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, iliidhinisha mpango wa kulima karanga katika Afrika ya Mashariki. Wataalamu watatu walikuwa wameizunguka nchi kwa muda wa wiki 9, sehemu nyingine wakizitazama kutoka angani. Kwa hesabu zao likawekwa lengo la kulima ekari 3,210,000 katika miaka 6, sehemu kubwa zikiwa hapa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Katika mwaka 1947 peke yake zilitakiwa ekari 150,000.

Mwaka huo ulipokwisha, ekari zilizokuwa zimefyekwa hazikuzidi 8,000. Matrekta yaliyonunuliwa yakiwa yamekwisha kutumika vitani yaliharibika moja baada ya jingine. Udongo wa Kongwa, mvua ilipokatika, uligeuka mgumu kama sakafu. Septemba 1947 mgomo ulioanzia bandarini Dar es Salaam ulienea hadi huko Kongwa. Mpango ulipoachwa Januari 1951, hasara ilikuwa imefikia pauni milioni 36 hivi.

Je, fedha zilipungua? La. Wataalamu walikosekana? La. Hata ari haikukosekana, maana vijana wengi wa Kiingereza waliotoka jeshini walijitolea kwa moyo wote. Kilichokosekana ni mtu wa mahali. Mgogo wa Kongwa, aliyeijua miaka ya ukame kama anavyoyajua majina ya wanawe, hakuwamo miongoni mwa waliolipanga lengo lile. Lengo lilishuka kutoka London likiwa limekamilika, na kila aliyekuwa chini yake alikuwa na kazi moja tu, kulitimiza. Palipoonekana dhahiri kwamba haliwezekani, ilichukua miaka kulikiri, kwa sababu tarakimu ilikuwa imekwisha kutangazwa.

Baadaye ardhi ya Urambo ilipata sifa kwa tumbaku, zao lililoupenda udongo wake na lililoshikwa na wakulima wenyewe.

BARAZA LA CHITAMBO

Sasa tutazame lengo jingine, ambalo halikuwa na serikali, wala matrekta, wala bosi.

Mwaka 1872 Stanley alipotoka hapa Tabora, ambako Dk. Livingstone alibaki katika tembe la Kwihara, alimpelekea kutoka Zanzibar wapagazi 57. Msafara wao uliondoka Unyanyembe Agosti 1872 kuelekea kusini. Mwanzoni mwa Mei 1873, katika kijiji cha Mtemi Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, Livingstone alifariki dunia. Aliyewaajiri hayupo tena. Hapana mtu wa kuwaamuru, wala wa kuwaadhibu, wala wa kuwalipa karibu na pale. Pwani ilikuwa mbali zaidi ya kilomita 1,600.

Walifanya nini? Waliitisha baraza. Wote walikusanyika, wakakubaliana kwamba maiti itachukuliwa mpaka pwani ikakabidhiwe. Wakawaomba Abdullah Susi na James Chuma wawaongoze, kwa kuwa hao wawili ndio waliokuwa na uzoefu mkubwa wa safari. Jacob Wainwright, aliyejua kusoma na kuandika, aliorodhesha mali yote ya marehemu, kitu kwa kitu, ili asije mtu akatiliwa shaka. Moyo wa marehemu ukazikwa chini ya mti. Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani, ukafungwa kwa nguo na gome.

Mara baada ya kuanza safari maradhi yaliwaangusha, wakakwama karibu mwezi mzima. Wengine walikufa. Walisonga. Oktoba 1873 Chuma alitangulia kufika hapa Unyanyembe, akamkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike hapa hapa, wajipunguzie taabu. Walikataa. Waliposonga mbele wakakuta watu wa njiani hawataki maiti ipitishwe katika nchi yao, hawakupigana wala hawakurudi. Walitengeneza mzigo wa uongo wenye sura ya maiti, wakautuma kinyumenyume kana kwamba unarudishwa Unyanyembe kuzikwa, na mwili wenyewe wakaufunga upya ukafanana na robota la nguo la biashara. Februari 1874 walifika Bagamoyo, na kutoka hapo mwili ukavushwa kwa manowari hadi Zanzibar.

Wapo watakaosema kwamba watu hawa walitaka ujira wao tu. Ni kweli walikuwa wakidai ujira, na kudai ujira si aibu. Tangu chuoni tulifundishwa kwamba mwajiriwa hulipwa kabla jasho lake halijakauka. Lakini ujira ungeweza kudaiwa hata kwa vitabu na vyombo vya marehemu, vilivyo vyepesi. Waliubeba mwili kwa sababu lengo lilikuwa lao. Walilijadili, wakalikubali kwa kauli moja, wakagawana kazi kwa kadiri ya ujuzi wa kila mmoja. Njia ilipozibwa walibadili njia, hawakubadili lengo.

Inafaa pia tuseme mwisho wake. Pwani walilipwa wakaagwa. Katika mazishi ya London, tarehe 18 Aprili 1874, alikuwapo Jacob Wainwright peke yake miongoni mwa wapagazi. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, kaburi limekwisha kufunikwa. Nishani zilichongwa, lakini wakati huo wengi wa waliostahili walikuwa wamekwisha kutawanyika. Chuma alifia Zanzibar mwaka 1882, na Susi mwaka 1891. Wao hawakuwa na deni. Deni lilibaki kwa waliopokea mzigo.

OFISI ZETU

Nchi yetu haikukosa kulifahamu jambo hili. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea viongozi wenye kiburi na ukataka watu washirikishwe katika kupanga mambo yao. Lakini hatuna budi kukiri kwamba mengi ya mabaraza hayo yalikuwa ya kushauri tu, na mara nyingi wakuu wa kazi ndio waliokuwa wasemaji. Ndiyo maana kati ya mwaka 1971 na 1973 wafanyakazi wa viwanda kadhaa vya Dar es Salaam waliweka zana chini, wengine wakawafungia nje mameneja wao, na mkononi wakaushika Mwongozo.

Mwaka 2004 Utumishi wa Umma Bara uliingiza mfumo wa OPRAS, ambao mtumishi na mkuu wake walitakiwa kukaa pamoja, kupatana malengo ya mwaka, kuyapima nusu ya mwaka na kuyapima tena mwishoni. Katika mwaka wa fedha 2023/24 nafasi yake ikachukuliwa na mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS. Nia ni njema, na kwa maandishi ndiyo nia ile ile ya kupima frasila mbele ya mbebaji.

Ila tumeona, katika ofisi moja ambayo hatuitaji, fomu za malengo za mwaka mzima zikijazwa jioni moja. Kijana mmoja aliyatunga malengo ya wenzake kumi kwa kunakili ya mwaka uliopita, wakuu wakatia sahihi bila kusoma, na kila mtu akarudi nyumbani salama. Miezi sita baadaye hapana hata mmoja aliyekumbuka aliahidi nini. Mmoja wetu alikuwa miongoni mwa hao kumi. Tulitia sahihi kama wengine, na tunakiri kosa. Mashine haiwezi kuponya ugonjwa huo. Mtu aliyekuwa akinakili katika karatasi atanakili katika kompyuta, tena upesi zaidi.

Tunawaambia wakuu wa kazi, wa Bara na wa Visiwani, kwa heshima zote: kabla ya kuandika kwamba idara itaongeza uzalishaji au itamaliza majalada yote kufikia Juni, waiteni wanaobeba. Muulizeni karani majalada mangapi yanaweza kufanyiwa kazi kwa siku bila kuharibiwa. Muulizeni fundi mashine ipi itasimama kabla ya mwezi wa tatu. Akisema tarakimu haibebeki, msimwone mvivu. Huenda ndiye Mgogo wa Kongwa. Posho itangulie safari, maana kumdai mtu lengo bila kumpa wino, dizeli wala stahili yake ni kumtaka atoroke usiku, na siku hizi hutoroka akiwa amekaa kitini. Pongezi nazo zisingoje watu watawanyike.

Na kwa wafanyakazi wenzetu tunayo kauli isiyo tamu. Kushirikishwa si ruhusa ya kupunguza mzigo mpaka uwe kanda la usufi kweli. Wale wa Chitambo walikuwa huru kuuacha mzigo, na hapana ambaye angewashitaki. Walijipangia mzito kuliko ambao mwajiri yeyote angethubutu kuwapangia. Mfanyakazi anayedai kusikilizwa wakati wa kupanga, kisha akawa wa kwanza kutafuta kivuli wakati wa kubeba, anawanyima wenzake haki ya kusikilizwa mwaka ujao.

Msimu wa kuandika malengo utarudi tena Julai, kama unavyorudi kila mwaka. Safari hii mkuu wa kazi na aitishe baraza kwanza, halafu ndipo ifunguliwe fomu. Naye mwenyewe, kama kirangozi wa zamani, achague mbele ya wote mzigo atakaoubeba yeye.