Ekzosi ya ubavuni: Nkoma wanavyoifunga isikuchomee mzigo

NKOMA, MBALE – Lori aina ya Fuso limekalishwa juu ya magogo kando ya njia, na kinachoonekana cha fundi ni miguu tu. Bomba la moshi lililokuwa likipita ubavuni, chini ya mlango wa dereva, limelazwa vumbini. Limepasuka palepale lilipochomelewa mara ya tatu. Mwenye lori anataka lichomelewe mara ya nne ili jioni apakie mahindi aelekee Malaba. Fundi amekataa. Anasema akilichomelea vilevile, halifiki Tororo.

Nilisimama kusikiliza ubishi huo kwa sababu unanihusu. Kabla ya kushika kalamu niliwahi kuuza mahindi, na safari moja tulikodi lori lenye ekzosi ya ubavuni iliyofungwa kwa waya na bolti moja. Waya ukakatika usiku, bomba likainuka na kuelekea kwenye bodi. Tulipofika mpakani magunia 12 ya upande ule yalikuwa yameyeyuka matumbo, na mahindi yananuka moshi. Mnunuzi hakuyagusa. Mwenye lori akasema mzigo ni wa mwenye mzigo.

Kwa hiyo msomaji usidhani ekzosi ni habari ya mafundi na vijana wa magari ya mbio peke yao. Ni kweli mtindo huu una sifa ya ushababi. Marekani, vijana waliokata magari ya zamani ili yakimbie waliyatoa mabomba ubavuni ili moshi utoke kwa njia fupi, na mwaka 1965 Chevrolet yenyewe iliuza Corvette yenye mabomba ya pembeni kwa aliyetaka kuongeza pesa. Kwetu sababu ni nyingine. Kuna anayeongeza tangi la pili la dizeli na kukosa nafasi chini ya fremu. Kuna aliyechoka kuacha sailensa kwenye mawe. Na tangu mafuriko ya mwisho wa Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilipoingia mjini Mbale, wapo wanaotaka bomba lipande juu kabisa.

Kosa la lile Fuso ni la kawaida. Bomba lilishikwa kwa chuma kitupu: mwanzo kwenye injini, mwisho kwenye fremu. Lakini injini imekalia raba, na kila dereva anapowasha au kubadili gia, inayumba. Fremu nayo hujipinda lori linapopita kwenye shimo. Bomba lililobanwa baina ya viwili visivyotulia litapasuka tu, hata aliyechomelea awe hodari namna gani.

Halafu kuna joto. Moshi wa injini ya dizeli inayopanda mlima na mzigo unaweza kupita nyuzi 400 za Selsiasi. Chuma kikipata moto hurefuka. Bomba la mita tatu likipanda nyuzi 300 huongezeka karibu sentimita moja, na likipoa hurudi. Fikiria mwendo huo kila siku, Mbale hadi Eldoret na kurudi. Lisipopewa nafasi ya kurefuka, litaitafuta lenyewe, na mara nyingi hulipata kwenye shingo ya turbo, ambayo bei yake unaijua.

Fundi wa Nkoma alianza upya. Kipande cha kwanza, kile kinachotoka kwenye turbo, alikifungia braketi kwenye gia boksi, si kwenye fremu, ili kiyumbe pamoja na injini. Baada yake akaweka fleksi, yaani kile kipande cha chuma kilichosukwa kinachopinda kama mkonga. Kuanzia hapo bomba likaning'inizwa kwenye fremu kwa raba: moja kabla ya sailensa, moja baada yake, na ya tatu karibu na mdomo. Sailensa ndiyo nzito, ndiyo maana inashikwa pande zote mbili. Raba zenyewe alizikata kwenye tairi kuukuu, zile zenye nyuzi ndani. Hakuchomelea kitu kwenye fremu wala hakutoboa ukingo wake wa juu au wa chini, kwa kuwa ufa wa fremu huanzia hapo. Alitumia matundu yaliyokuja na gari. Na kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea alichomoa waya wa betri.

Kilichobaki ni bati la kukinga joto, na hapa ndipo wengi hubania pesa. Magunia ya plastiki tunayopakia mahindi huyeyuka kwenye nyuzi kama 160. Turubai hulegea mapema zaidi. Mabomba ya upepo wa breki nayo hayapendi jirani wa moto. Kwa malori ya miwa ya Busoga, kule Kakira na njia yote ya Jinja, majani makavu yakinasa juu ya bomba ni kama umewasha jiko chini ya bodi. Bati liachiwe nafasi ya kupitisha hewa. Likigusa bomba, nalo linakuwa bomba.

Mdomo uelekee wapi? Swali hili ni la msafiri wa mipaka hasa. Uganda, Kenya na Tanzania tunaendesha kushoto, hivyo watu wa pembeni ya njia wako kushoto kwa lori, na bomba la kulia haliwatupii moshi. Ukivuka kuingia Rwanda, Burundi, Kongo au Sudan Kusini, mambo yanageuka: kulia ndiko kwenye watu na vibanda. Wanaokwenda Goma au Juba huelekeza mdomo chini na nyuma, au huupandisha juu ya kabini. Popote utakapoelekezwa, usiishie chini ya dirisha. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu. Dereva na tanboi waliolala kabini na injini inanguruma huenda wasiamke.

Na wewe unayekodi tu? Fika kabla ya kupakia. Injini ikiwa baridi, shika bomba ulitikise: likicheza kidogo ni sawa, likigonga chuma si sawa. Tazama alama nyeusi za masizi kwenye maungio, maana ndipo linapovuja. Uliza pia bima. Ile Kadi ya Njano ya COMESA inayooneshwa mpakani hulipia madhara kwa watu wengine na matibabu ya waliomo garini. Mzigo wako haumo. Bima ya mzigo hukatwa peke yake, na makubaliano na mwenye lori yaandikwe magunia yakiwa bado chini.

Saa kumi na moja jioni Fuso liliwashwa. Bomba lilitetemeka kidogo kwenye raba zake, likatulia. Mwenye lori alilalamikia bei ya fleksi, akalipa nusu, akaahidi nusu nyingine akirudi kutoka Malaba. Fundi alibaki na funguo ya jeki.