Germani, Wadachi na Wanyamwezi

Mwezi wa Januari mwaka 1893, jeshi la Wadachi lilipoivunja boma ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, karibu na mji wa Tabora, naye mtemi akaitia moto ghala yake ya baruti asije akatekwa mzima, walipambana pale watu wa pande mbili, na kila upande ulikuwa ukiitwa kwa jina uliloitwa kwanza na wageni.

Hao Wadachi wenyewe hujiita Deutsche, na kutokana na neno hilo wazee wetu walipata kuwaita hivyo. Ama jina lao jingine, Wajerumani, asili yake ni Germani la Kilatini, alilolitumia Julius Caesar alipoandika habari za vita vyake zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Strabo, Myunani, alilifasiri kuwa ni watu walio khalisi, kwani Kilatini humwita hivyo ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, tafsiri ambayo naiona ni ya kubahatisha. Tacitus, aliyeandika mwaka 98, amenikinaisha zaidi: asema lilikuwa jina la kabila moja tu lililovuka mto Rhine, likaenea kwa makabila yote, kwanza kwa ajili ya kutia hofu, hata wenyewe wakaliridhia.

Na huko bara mambo hayakuwa mbali na hayo. Mtu alijijua kuwa ni Mnyanyembe au Mgalaganza, kwa kadiri ya utemi wake, na jirani akimtaja kwa upande akaapo, Wasukuma wakiwa ni watu wa kaskazini na Wadakama wa kusini. Walakini watu wa pwani, kwa kuwaona wapagazi wakitoka magharibi, ambako mwezi mwandamo huonekana, wakawajumuisha wote kwa jina la Wanyamwezi, kama wasemavyo wengi. Mpagazi aliyeshuka Bagamoyo na pembe begani aliitwa hivyo, akazoea, na aghalabu akalionea fahari, kwa kuwa katika njia ile hapakuwa na wapagazi waliosifika kuwapita.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na kazi ya misafara ikafifia. Septemba 1916 Wabelgiji wakauteka mji, na utawala wa Wadachi ukakoma pale. Wanyamwezi wangaliko, nao ni miongoni mwa makabila makubwa ya Tanzania.