Mombasa hadi Eldoret kwa ndege: kilomita chache, saa nyingi

Wenye watoto Chuo Kikuu cha Moi, au mgonjwa katika hospitali ya rufaa ya Eldoret, huuliza: kwa ndege ni masafa gani, na ni saa ngapi? Swali hili kwetu lina uzito, maana sisi maiti hatumweki. Mzee akifariki alfajiri Kisauni, huenda akazikwa baada ya Alasiri, na kijana wake aliye Eldoret lazima ajue kama atawahi.

Ukipiga mstari ulionyoka kutoka uwanja wa Moi, kule Changamwe, hadi uwanja wa Eldoret, utapata kama kilomita 690. Kwa barabara ni kama 800, na basi hukesha nazo. Ndege ya jeti ikienda moja kwa moja inahitaji saa moja na dakika chache. Ya propela, karibu saa moja na nusu.

Lakini tiketi nyingi hupitia Nairobi, na wengi hudhani huko ni kuzunguka. Siyo. Mombasa hadi uwanja wa Jomo Kenyatta ni kama kilomita 420, na kutoka hapo hadi Eldoret kama 270. Jumlisha: ni zile zile 690. Nairobi imekaa juu ya mstari wenyewe. Kwa masafa hutapoteza kitu, na angani safari zote mbili ni kama saa mbili tu. Siku huliwa na kungoja pale katikati, saa tatu, pengine tano.

Kwa hivyo usitazame nauli peke yake. Tazama saa ya kutua Nairobi na saa ya kuondoka, kisha herufi za uwanja. NBO ni Jomo Kenyatta, WIL ni Wilson. Ukitua kimoja na kuondokea kingine, utatoa mizigo, utafute teksi na upambane na foleni za Nairobi. Na ukikata tiketi mbili mbalimbali, ya kwanza ikichelewa, hasara ya pili huwa yako.

Mchukulie mtoto sweta. Uwanja wa Mombasa uko kama mita 60 juu ya bahari, wa Eldoret zaidi ya mita 2,100. Huko juu hewa ni nyepesi na ndege hukimbia zaidi kabla ya kupaa; njia yake ya kurukia ina karibu kilomita tatu na nusu.

Jua nalo huchelewa. Saa ya mkononi ni moja, ila Eldoret iko magharibi, na Magharibi huingia kwa wastani dakika 17 baada ya Mombasa. Juni huzidi ishirini, Disemba hushuka hadi kama kumi. Aliyefunga akisafiri jioni asifuturu kwa kalenda ya Mombasa. Afuate jua la pale alipo.

Tukirudi kwa yule kijana: akipata ndege ya asubuhi na asingoje sana Nairobi, Alasiri inawezekana. Apige simu nyumbani kabla hajapanda, aseme saa ya kutua Changamwe, na wao waongeze saa nzima ya kufika Kisauni ndipo watangaze wakati wa maziko.