Popo Wetu na Ule Mvule wa Mpakani



Katika mkutano uliopita wanachama kadha walitaka chama kiwaunge mkono waukate mvule mkubwa ulio mpakani mwa mashamba yao. Popo wameufanya nyumba yao, na usiku maembe na mashelisheli huliwa. Wengine walisema mti usikatwe, ila popo wafukuzwe kwa moshi. Kamati haikukata shauri siku ile; ilitutaka kwanza tueleze humu popo ni mnyama gani, kwani maneno mengi yalisemwa na mengine hayakuwa na msingi.

Kwanza, popo si ndege. Ni mnyama mwenye manyoya na meno, azaaye na kunyonyesha. Bawa lake ni mkono: vidole vinne vimerefuka mno, na ngozi nyembamba imewambwa baina yake mithili ya mwavuli. Kidole gumba kimebaki huru na kucha yake, cha kujishikia mtini. Duniani zimekwisha kutambuliwa aina za popo zaidi ya 1,400, ambazo ni yapata sehemu moja katika tano ya aina zote za wanyama wanyonyeshao. Wengi katika hizo ni wadogo, kama wale tuwaonao wakati wa magharibi wakizunguka taa za barazani. Hao hula wadudu, na huwinda kwa masikio: hutoa sauti nyembamba tusiyoweza kuisikia sisi, kisha wakasikiliza mwangwi wake. Yule mkubwa wa mvuleni hana ujuzi huo. Yeye hutumia macho na pua, na mwenye kumtazama vyema mchana ataona uso kama wa mbwa na macho makubwa maangavu.

Popo huyu mkubwa, mwenye manyoya mekundu-mekundu na mabawa meusi yapatayo futi tano na zaidi yakikunjuliwa, hapatikani popote ulimwenguni ila kisiwani petu Pemba. Mtaalamu wa Kijerumani, Matschie, aliandika habari zake mwaka 1909, akamwita kwa jina la mwenzake Voeltzkow aliyefika Pemba miaka michache kabla. Jamaa zake wako Mafia, Ngazija, Bukini na Shelisheli, kisha Bara Hindi hata visiwa vya Pasifiki. Lakini bara Afrika hakuna hata mmoja wa ukoo huo.

Sasa twafika penye uchungu. Mwaka 1989 watu waliokwenda kuwatafuta popo hawa waliona wachache tu. Risasi zilikuwa zimewamaliza, kwani popo alikuwa kitoweo, na bunduki moja ikipigwa mtini huangusha wengi. Lakini tusiwalaumu wawindaji peke yao. Mikarafuu yetu nayo ilichukua mahali pa msitu, hasa katika miaka iliyofuata tufani ya 1872, ilipoangamiza mikarafuu ya Unguja na Pemba ikasalimika. Leo msitu mkubwa wa asili uliosalia ni Ngezi, na vipande vidogo huku na huku, baadhi yake vikiwa makaburini ambako wazee hawakukubali miti ikatwe.

Popo walipona kwa sababu wanavijiji wenyewe walikubaliana kuacha kuwapiga. Kidike, mathalan, watu waliunda kikundi cha kuwalinda, na mgeni ajaye kuwatazama hulipa kiingilio. Walipohesabiwa mwaka 1995 walikadiriwa yapata 5,000. Mwaka 2007 walikadiriwa kufika yapata 20,000. Zamani wataalamu waliwaweka katika daraja la juu kabisa la hatari ya kutoweka. Baadaye wakawashusha daraja mbili. Hatari haijaisha, maana jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Kuku akiliwa leo, vifaranga vipo. Popo si hivyo.

Je, anadhuru karafuu? Sisi karafuu twaichuma ingali tumba, kavu na kali. Popo huyu atafuta tunda laini lililoiva na utamu ulio ndani ya maua, hivyo tumba la karafuu halimfai kitu. Kwa hiyo anayesema mavuno yake ya mwaka huu yamepungua kwa ajili ya popo, na atazame kwanza magugu chini ya mikarafuu yake. (Tumetembea mashamba yote, twayajua.)

Embe na shelisheli ni habari nyingine, na hatutaki kumficha mtu: anakula. Dawa yake ni kuchuma embe lililokomaa kabla halijaiva mtini, likaivie ndani. Shelisheli nalo hupikwa likiwa bado gumu, basi kwa nini tuliache mpaka lilainike kwa ajili yake? Mwenye miti michache iliyo karibu na nyumba aweza pia kufunika matunda kwa makuti au magunia.

Na popo halipi kwa hasara tu. Mbegu za mitini huzimeza akaziangusha mbali na mama yao. Huko Ghana imeonekana kuwa popo wa matunda wa aina nyingine ndio wasambazaji wakuu wa mbegu za mvule, na msufi kadhalika huchavushwa na popo. Huenda basi hata huo mvule unaotakiwa kukatwa ulipandwa na popo.

Moshi hatuushauri kabisa. Mama hubeba mtoto kifuani, na wakishtuliwa mchana wadogo huweza kuanguka. Waliosalia watahamia mti wa jirani, na ugomvi utahama pamoja nao.

Neno moja la afya. Popo wa ukoo huu huko Asia wameonekana kubeba virusi viitwavyo Nipa, vilivyoua watu Malaysia mwaka 1998 na 1999. Basi tusiwashike kwa mikono mitupu, na tunda lililotafunwa usiku tusile wala tusiwape watoto.

Kamati itakutana tena kabla ya msimu wa kuchuma. Mwenye shamba lipakanalo na mvule ule aje mwenyewe au alete barua kwa Katibu. Mpaka hapo twawaomba panga na shoka zisiguse mti huo.