Tusiwalishe wanafunzi muhtasari wa Marekani

Nilipokuwa nikifundisha Historia na Serikali katika Kidato cha Nne, mwanafunzi mmoja aliniuliza swali lililonitoa jasho. Ilikuwaje mwaka 2016 Hillary Clinton akapata kura zipatazo milioni 2.9 zaidi ya Donald Trump, kisha Trump ndiye akaapishwa? Nilimjibu kama kitabu kilivyosema: Rais wa Marekani huchaguliwa na wajumbe 538, na anayepata 270 ndiye mshindi. "Kwa nini, mwalimu?" akauliza tena. Kitabu hakikuwa na neno zaidi, nami sikuwa nalo.

Yamkini walimu wenzangu wamewahi kufikwa na fedheha hiyo. Mtaala wa 8-4-4 ulitutaka tufundishe uchaguzi na serikali ya Marekani, nasi tukayasomesha hayo kwa muhtasari: majukumu ya Rais, sehemu mbili za Kongresi, basi. Mwanafunzi hukariri, hufaulu mtihani, kisha husahau.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nionavyo mimi, somo hili lahitaji vifaa vitatu tu: Katiba ya Marekani yenyewe, jedwali la sensa, na ramani ya majimbo.

Tuanze na Katiba. Iliandikwa Philadelphia mwaka 1787, nayo ni fupi: ibara 7, pamoja na marekebisho 27 yaliyofuata. Ibara ya Kwanza iliagiza kwamba wawakilishi wa kila jimbo wagawanywe kwa idadi ya watu huru, na wasiokuwa huru wahesabiwe kwa sehemu tatu kati ya tano. Neno mtumwa halikutajwa. Ibara ya Pili ikaongeza kwamba wajumbe wa kumchagua Rais walingane na wawakilishi na maseneta wa jimbo.

Sasa mwanafunzi na afungue sensa ya 1790. Virginia ilikuwa na watu huru wapatao 455,000, na Pennsylvania 431,000. Hawakupishana sana. Lakini Virginia ilikuwa na watumwa zaidi ya 292,000, ilhali wa Pennsylvania hawakufika 4,000. Katika uchaguzi wa 1792, Virginia ilipata wajumbe 21 na Pennsylvania 15. Mtumwa hakuwa na kura, lakini kuhesabiwa kwake kulimwongezea nguvu yule yule aliyemmiliki. Si ajabu basi kwamba kati ya marais 5 wa kwanza, 4 walitoka Virginia.

Hesabu hiyo ilifutwa na Marekebisho ya 14 mwaka 1868, ila utaratibu wa wajumbe ulibakia. Hapo ndipo ramani inapomjibu mwanafunzi wangu. Katika majimbo karibu yote, mshindi huchukua wajumbe wote, awe ameshinda kwa kura moja au milioni. Clinton alishinda California kwa zaidi ya kura milioni 4, lakini wingi huo haukumwongezea mjumbe hata mmoja. Trump alishinda Pennsylvania, Michigan na Wisconsin kwa jumla ya kura zisizofika 80,000, akachukua wajumbe wa majimbo hayo yote matatu.

Wapo watakaosema kwamba muda hautoshi na shule hazina fedha. Nakubali kwamba mwalimu ana mzigo. Hata hivyo, nakala moja ya Katiba yatosha darasa zima, na jedwali la majimbo mawili laandikika ubaoni kwa dakika tano. Kinachokosekana ni ujasiri wa kumwacha mwanafunzi asome mwenyewe na kuuliza.

Faida yake haiishii Marekani. Katiba yetu ya 2010 humtaka Rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Kijana aliyejifunza kuwauliza Wamarekani kwa nini waliandika walivyoandika hataogopa kutuuliza sisi pia. Naomba siku hiyo itukute tukiwa na majibu.